BEIT-EL-AJAIB: NYUMBA MOJA NA WENYEWE WENGI

Leo nataka kuwaelezeni habari za nyumba moja. Huenda mtu akauliza, "Nyumba nayo ina habari gani? Si mawe na chokaa tu?" Ni kweli, nyumba ni mawe na chokaa. Lakini mtu hufa na maneno yake yakasahauliwa, nayo nyumba hubaki mahali pake, ikapokea mwenyewe mmoja baada ya mwingine. Kila aingiaye hubomoa hapa, huongeza pale, huondoa hiki na kutundika kile. Basi ajuaye kuitazama huweza kusoma ndani yake mambo ya nchi nzima.

Nyumba ninayoinena ni Beit-el-Ajaib, iliyoko Unguja mjini, ufukoni, inayoelekea bahari nyuma ya bustani ya Forodhani. Jina lake ni la Kiarabu, na maana yake ni Nyumba ya Maajabu. Ilijengwa mwaka wa 1883. Tangu mwaka huo ilipita mikononi mwa masultani, kisha mwa maofisa wa Kiingereza, kisha mwa chama cha siasa, kisha mwa makumbusho. Na mwaka wa 2020 sehemu yake kubwa ikaanguka. Kwa hiyo habari yake si ya fahari peke yake; ni ya msiba pia, nasi yatupasa kuyatazama yote mawili.

Aliyeijenga

Kabla ya nyumba hii kuwako, yasemekana kwamba mahali pale palikuwa na nyumba ya Malkia Fatuma, aliyetawala Unguja mwishoni mwa karne ya 17, wakati Wareno walipokuwa wakishindwa na Waarabu wa Oman katika pwani yetu. Baadaye Seyyid Said bin Sultan alipoifanya Unguja kuwa makao yake, alijenga jumba lake ufukoni, karibu na hapo, likaitwa Beit-el-Sahel, yaani Nyumba ya Pwani. Seyyid Said alifariki mwaka wa 1856, akaacha watoto wengi. Mmoja wao ndiye Seyyid Barghash, mjenzi wa nyumba tunayoizungumza.

Barghash hakuupata ufalme kwa urahisi. Mwaka wa 1859 alijaribu kumnyang'anya ufalme ndugu yake Seyyid Majid, asifaulu. Akapelekwa Bombay katika Bara Hindi, akakaa huko muda wa miaka kama miwili. Lakini mwenye macho hapotezi siku zake hata ugenini. Huko Bombay aliona mji mkubwa wenye majumba marefu na shughuli nyingi za bandari. Aliporudi, na hatimaye kutawazwa mwaka wa 1870 baada ya kufa kwa Majid, alikuwa na mfano moyoni mwake wa namna mji wa mfalme unavyopasa kuwa.

Mwanzo wa utawala wake ulikuwa mzito. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuzamisha vyombo bandarini. Mwaka uliofuata, 1873, Waingereza walimshurutisha kutia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa mjini likafungwa. Watu wengi walidhani Unguja imekwisha. Haikuwa hivyo. Mikarafuu ya Pemba ilikuwa imepona tufani, na ile ya Unguja ilipandwa tena. Pembe za ndovu ziliendelea kuja kutoka bara. Na ushuru wa forodha ukajaza tena hazina ya Sultani. Kwa fedha hizo Barghash alileta maji safi mjini kwa mifereji kutoka chemchemi, watu wakanywa bila ya kununua. Akajenga majumba ya shamba, kama lile la Marhubi na lile la Chukwani. Na mwaka wa 1883 akajenga Beit-el-Ajaib.

Hapa nawaombeni msimame kidogo, kwa sababu nyumba kubwa daima yafaa kuulizwa, "Nani aliyekulipia?" Pembe zilizotozwa ushuru huo zilibebwa mabegani na wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hata Bagamoyo, safari ya miezi. Karafuu zilichumwa na watumwa. Kwa maana mapatano ya 1873 yalizuia kuwauza na kuwasafirisha watumwa baharini, lakini utumwa wenyewe mashambani ulikuwa bado ni halali, na ulikuwa halali siku ile nguzo za Beit-el-Ajaib ziliposimamishwa. Kwa hiyo katika orodha ya wenyewe wa nyumba hii, wawemo pia hao ambao hawakupata kuingia mlangoni mwake.

Maajabu yake

Mwenye kufika bandarini kwa chombo aliiona nyumba hii kabla ya kuuona mji. Ilikuwa nyeupe, yenye orofa tatu ndefu, ndefu kuliko nyumba zote za Afrika ya Mashariki katika zamani hizo. Kuizunguka pande zote, orofa juu ya orofa, palikuwa na roshani pana zilizochukuliwa na nguzo nyembamba za chuma. Hayo ndiyo yaliyowastaajabisha watu. Mafundi wa pwani walizoea kujenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu, vyumba vya kale vilikuwa vyembamba. Katika nyumba hii mawe ya matumbawe na chokaa yaliunganishwa na chuma kilicholetwa kwa meli kutoka ng'ambo, ndiyo sababu kumbi zake zikaweza kuwa pana na dari zake kuwa juu sana.

Ndani, katikati, palikuwa na ukumbi ulio wazi toka chini hata juu, na vyumba vikiuzunguka. Sakafu ilitandikwa marimari. Milango yake mikubwa ilichongwa kwa ustadi ule ule uliosifika katika milango ya Unguja na Lamu, ikaandikwa aya za Kurani. Mbele ya mlango iliwekwa mizinga ya kale ya shaba yenye alama za Kireno. Husimuliwa pia kwamba mlango wa mbele ulifanywa mpana ili Sultani aweze kupita amepanda ndovu. Hadithi hiyo hupendwa sana na watoto, nami nawaachieni muipime wenyewe.

Nyumba hii haikusimama peke yake. Kando yake palikuwa na Beit-el-Hukm na Beit-el-Sahel, nayo majumba hayo matatu yaliunganishwa kwa njia za juu zilizofunikwa, ili mabibi wa nyumba ya kifalme wapate kwenda huku na huko bila ya kuonekana na watu wa njiani. Tena mbele yake, karibu na maji, Barghash alisimamisha mnara wa taa wenye saa, wa kuongoza vyombo usiku.

Lakini Barghash hakuijenga Beit-el-Ajaib ili kulala ndani. Aliijenga iwe ya karamu, ya mabaraza, na ya kupokea wageni wakubwa. Wahenga wetu walisema, "Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake." Methali hiyo tutairudia.

Fahari ile haikudumu. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1885, nyumba ikiwa ina umri wa miaka miwili tu, manowari za Wadachi zilitia nanga mbele yake, mizinga ikielekea majumba ya Sultani, kumlazimisha akubali kwamba nchi walizozichukua bara ni zao. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wadachi walipatana wao kwa wao, na Sultani akaachiwa visiwa vyake pamoja na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Barghash alifariki mwezi wa Machi mwaka wa 1888. Akafuata ndugu yake Seyyid Khalifa, kisha ndugu yake mwingine Seyyid Ali, ambaye katika siku zake, mwaka wa 1890, Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Hata hapo mwenye nyumba alikuwa Sultani kwa jina, lakini mwenye amri alikuwa mwingine.

Asubuhi ya mizinga

Jambo hilo lilidhihirika mwaka wa 1896. Tarehe 25 Agosti, Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafula. Siku ile ile Seyyid Khalid, mwana wa Barghash, aliingia katika jumba la kifalme pamoja na watu wake wenye silaha, akajitangaza kuwa Sultani. Waingereza hawakumkubali, wao walimtaka Seyyid Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda hata saa tatu ya asubuhi tarehe 27 ateremshe bendera yake na kutoka.

Khalid hakutoka. Yawezekana alidhani hawatapiga. Ilipotimia saa tatu na dakika mbili, manowari za Kiingereza zilizokuwa bandarini zilianza kupiga mizinga. Majumba yale yalijengwa yatazamwe kutoka baharini, na sasa uzuri huo huo ukawa msiba wao, kwa maana hapakuwa na kitu cha kuyakinga. Vita havikutimiza saa moja. Watu wengi huvihesabu kuwa ndivyo vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa. Lakini ufupi wake usitudanganye tukaona ni mchezo. Katika watu wa Khalid, kama watu 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Merikebu ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa pale pale bandarini.

Khalid mwenyewe alikimbilia nyumba ya balozi wa Kidachi, akapelekwa Dar es Salaam, akaishi huko hata Waingereza walipomkamata katika Vita Kuu. Wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena. Baadaye akaruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 1927 akafa Mombasa.

Na nyumba je? Beit-el-Hukm iliangamia isijengwe tena. Mahali pake pakawa bustani. Beit-el-Sahel iliharibika vibaya, ikajengwa upya. Mnara wa taa ulivunjika. Beit-el-Ajaib ilipata madhara madogo tu. Kisha mwaka wa 1897 ilitengenezwa, na kwa kuwa mnara wa mbele haukuwako tena, mnara mpya wa saa ukajengwa mbele ya nyumba yenyewe na kushikamana nayo. Basi ule mnara ambao watu wengi waliudhani ni wa Barghash, kwa hakika ulikuwa kovu la vita. Kwa muda wa zaidi ya miaka 120 watu wa mji waliangalia saa katika kovu hilo.

Kutoka jumba la kifalme hata ofisi

Seyyid Hamoud, aliyetawazwa siku ile ile ya mizinga, aliifanya Beit-el-Ajaib kuwa makao yake. Sasa nyumba ya karamu ikawa nyumba ya kulala. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1897, yeye ndiye aliyetoa amri ya kuondoa uhalali wa utumwa katika Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka wa 1909. Tazameni jinsi mambo yanavyozunguka: nyumba iliyojengwa kwa karafuu za watumwa ikawa makao ya Sultani aliyetia sahihi amri hiyo, miaka 14 tu baada ya kujengwa kwake.

Baada ya Hamoud alitawala mwanawe Seyyid Ali, tangu 1902. Mwanzoni mwa karne hiyo ya 20 nyumba ilitiwa taa za umeme kabla ya nyumba nyingine zote za Unguja, ikatiwa na lifti ya kupandisha watu orofani, jambo lisilojulikana bado katika pwani yetu. Hapo jina la Maajabu likazidi kukaa vizuri.

Mwaka wa 1911 Seyyid Ali alijiuzulu akiwa Ulaya. Sultani aliyemfuata, Seyyid Khalifa bin Haroub, alikaa Beit-el-Sahel, nayo Beit-el-Ajaib ikawa ofisi za serikali ya Waingereza. Mahali palipokuwa pa viti vya enzi pakawekwa meza za makarani. Vyumba vilivyonukia udi na marashi vikajaa makabati na majalada. Raia aliyekuwa na shauri la shamba au la kodi alipanda ngazi zile zile walizopanda mabalozi. Naweza kusema kwamba katika wenyewe wake wote, hawa wa ofisi ndio waliokaa muda mrefu kuliko wengine: zaidi ya miaka 50. Wala hatuwezi kuwanyima haki yao, kwa kuwa nyumba yenye watu kila siku hutazamwa kila siku. Paa likivuja, karani aliyeloweshwa karatasi zake hupiga kelele.

Wenyewe wa mwisho

Tarehe 10 Desemba mwaka wa 1963 Unguja ilipata uhuru chini ya Sultani Seyyid Jamshid. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakauondoa utawala wa masultani. Serikali mpya ilirithi majumba yote. Beit-el-Sahel ikaitwa Jumba la Wananchi. Beit-el-Ajaib ikawa mahali pa chama cha Afro-Shirazi, na vijana wakafundishwa siasa katika kumbi za Barghash. Wajukuu wa wachumaji karafuu wakapanda ngazi za marimari kama wenyewe. Kwa wengi jambo hilo lilikuwa haki iliyochelewa. Kwa wengine, waliofiwa na kupoteza mali katika siku zile, lilikuwa na uchungu wake. Nyumba haichagui, hupokea hao na kuwakumbuka hawa.

Mwaka wa 2000 Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu, na katika miaka iliyofuata Beit-el-Ajaib ikawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani. Katika ukumbi wa chini kiliwekwa chombo cha mtepe, kilichoundwa upya kwa namna ya kale, mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja. Naona hapana mwenyewe aliyeifaa nyumba hii kuliko huyu. Mtoto wa shule kutoka Makunduchi au Nungwi aliingia, akaona chombo cha mababu zake kimesimama katika ukumbi wa wafalme.

Lakini hapo ndipo ile methali inaporudi. Ila ya nyumba hii ilikuwamo ndani ya ajabu lake. Chokaa na matumbawe hunywa maji. Chuma kikipata maji, hasa penye hewa ya chumvi ya baharini, huota kutu. Kutu huvimba, na kuvimba kwake hupasua jiwe lililokishika. Ufa ukipanuka, mvua huingia zaidi, na kutu huzidi. Namna hii nyumba hujila yenyewe kimya kimya, nje ikiwa bado nyeupe na ya kupendeza.

Mwaka wa 2012 pembe moja ya nyumba ilianguka, makumbusho yakafungwa. Mwaka wa 2014 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya majengo ya kale yaliyo hatarini. Mipango ikafanywa, na matengenezo makubwa yakaanza kwa msaada wa fedha kutoka Oman, nchi ya asili ya ukoo wa aliyeijenga. Hata tarehe 25 Desemba mwaka wa 2020, mafundi wakiwa kazini, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka. Watu wawili walikufa, wengine wakatolewa katika kifusi wakiwa hai. Waliokufa hawakuwa wafalme wala maofisa. Walikuwa watu waliokwenda kuitengeneza.

La kujifunza

Tangu siku ile watu wamesemezana sana. Wako wasemao, "Ijengwe tena kama ilivyokuwa, kwa maana bila yake mji hauna uso." Wako wasemao, "Jumba la wafalme ni la nini, nasi tuna haja ya shule na hospitali?" Kila neno lina uzito wake. Mimi nasema neno moja tu. Nyumba hii haikuangushwa na manowari za mwaka wa 1896, wala haikuangushwa na Mapinduzi ya 1964. Iliangushwa na mvua na kutu, yaani na mambo madogo madogo ya kila mwaka. Kila mwenyewe aliipamba: huyu alileta marimari, huyu mnara, huyu umeme. Kupamba huonekana na watu. Kuziba ufa hakuonekani na mtu. Kwa hiyo wenye kupamba ni wengi, na wenye kuziba ni wachache. Nanyi mwaijua methali yetu: "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Katika Beit-el-Ajaib methali hiyo ilitimia neno kwa neno.

Basi ninyi mlioko vijijini msidhani kwamba habari hizi ni za wakubwa wa mjini tu. Karibu kila mahali pana nyumba yake: msikiti wa kale, shule ya kwanza, nyumba ya jumbe, kisima kilichojengwa kwa mawe. Ninyi wanafunzi, nendeni mkawaulize wazee wangali hai: nani aliyejenga? Kwa mali ya nani, na kwa jasho la nani? Nani aliyefuata? Yaandikeni majibu katika daftari, pamoja na miaka. Kisha izungukeni nyumba yenyewe, mtazame paa na kuta zake kwa makini. Mkiona ufa, mwambieni mwenyewe mvua haijanyesha.